Nani Amechokolea Meno Bisibisi Yangu?

Nyumba yetu ina watu wenye macho mazuri, lakini anayeweza kutofautisha taka na kifaa cha kazi ni mmoja tu, naye ndiye anayeandika safu hii. Waliobaki wote wakiona kijiti cha mishkaki ndani ya kopo la biskuti, wanaona masalia ya chakula. Wakiona mswaki uliokatwa nywele nusu, wanaona umaskini. Wakiona fagio limepungua chelewa, wanaitisha kikao cha familia kumtafuta mwizi. Mimi nikitazama vitu hivyohivyo naona karakana kamili ya kutengenezea redio za mbao, mashine za santuri na redio kaseti za enzi ambazo mtu alinunua redio moja akahama nayo kila nyumba mpaka uzeeni.

Ndiyo maana Jumapili iliyopita pilau ilinishinda. Shemeji alimaliza sahani yake, akaegemea kiti, akanyoosha mkono bila hata kutazama, akachomoa kijiti kwenye kopo langu na kuanza kuchokoa meno. Na si kijiti hivihivi. Ni kijiti nilichokichonga kwa wembe, nikakipiga msasa, nikakipa ncha bapa inayokaa sawasawa kwenye tundu la koili. Shemeji alikivunjia kati ya gego na gego, akakitupa sahanini.

"Shem, vijiti vyenu laini mno," akalalamika. Yeye ndiye alalamike!

Nilipofungua mdomo, mama watoto akaniwahi. "Baba watoto, kijiti tu hicho. Pakiti nzima ipo jikoni."

Kwa faida ya shemeji, ambaye najua hasomi magazeti, ngoja nieleze. Ndani ya redio ya zamani kuna vikopo vidogo vya bati, na ndani ya kila kikopo kuna koili yenye kiini cha feraiti. Kiini hicho kina mfereji juu yake. Ukikizungusha kinapanda au kushuka, na redio inajikaza au kujilegeza katika kuchuja stesheni. Redio nyingi za masafa ya kati hufanya uchujaji huo karibu na kilohezi 455. Sasa ingiza bisibisi ya chuma humo. Chuma chenyewe kinageuka sehemu ya koili. Utazungusha mpaka sauti itoke safi, utashangilia, utachomoa bisibisi, na stesheni itaondoka pamoja nayo.

Hiyo ni shari ndogo. Shari kubwa ni kwamba feraiti haina mzaha. Miaka mingi imekaa humo, imegandia, na ukiilazimisha kwa chuma inapasuka vipande viwili vinavyobanana ndani ya uzi. Hakuna duka linalouza kiini hicho, na aliyekitengeneza pengine kiwanda chake siku hizi ni maegesho ya magari. Lakini ukitumia kijiti cha mwanzi, kiini kikikataa kuzunguka, kinachovunjika ni kijiti. Unachonga kingine, unapasha kikopo joto kidogo, unajaribu tena kwa adabu.

Kutokana na hayo nina kanuni, ambayo nimeipigania nyumbani kwangu bila kupata hata kura moja: kwenye kazi nyororo, kifaa lazima kiwe dhaifu kuliko kile kinachoguswa. Kati ya viwili hivyo kimoja kitaumia, na fundi ndiye anayechagua kipi. Bisibisi ngumu haijawahi kuumia. Ndiyo sifa yake dukani, na ndiyo kosa lake mezani kwangu.

Mtasema, si ununue vifaa vyenyewe? Bisibisi za plastiki za koili zipo duniani, sikatai. Nilikwenda Kariakoo kuziulizia. Kijana wa dukani alinisikiliza kwa heshima zote, akaniletea seti ya kufungulia simu.

"Hii, mzee wangu, inafungua kila kitu."

"Inafungua, sawa. Mimi nataka ya kuzungushia koili, isiwe na chuma."

Akafikiri. "Isiwe na chuma? Bisibisi?"

"Ndiyo."

"Mzee, hiyo redio ina shida gani hasa? Maana kuna spika hapa inashika bluututhi, redio, fleshi, na inawaka taa."

Inawaka taa! Kwa vijana wa leo kitu kikiwaka taa kimemaliza hoja. Nikamuaga kwa amani, nikapitia kwa muuza mishkaki.

Na hii kanuni si ya kwangu, ingawa mama watoto anasema ni kisingizio changu. Waliotengeneza santuri za mwanzo waliijua vizuri kabisa. Chukua santuri za aina ile aliyorekodiwa mwimbaji Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika. Ndani ya mchanganyiko wake waliweka unga wa mawe, makusudi, ili mifereji iisage sindano mpaka ilingane nayo. Sindano ya chuma iliumbwa iliwe. Ukicheza upande mmoja, unaitupa, unaweka nyingine. Wapo wapenzi wa muziki Ulaya ambao hata chuma hicho waliona ni kigumu mno. Wakatumia sindano za mwanzi na miiba ya dungusi kakati, na maduka yakawauzia vichongeo vidogo vya kuzinolea. Mwanzi, jamani! Watu wazima, wenye tai shingoni, walikaa sebuleni wakichonga vijiti ili santuri isiumie, na wake zao hawakuwaita vichaa. Au waliwaita, ila haikuandikwa.

Leo jirani yangu anakuja kutazama santuri hizo, anaona vumbi, anakwenda kwake na kurudi na chupa ya spiriti ya hospitali. "Hii inaua kila kitu," anasema. Inaua, kweli. Santuri zile zimegandishwa kwa shelaki, utomvu wa vidudu vinavyokaa mitini huko India, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Mafundi samani wa Keko wanaweza kumweleza, maana ndivyo inavyotengenezwa vanishi ya kung'arishia kabati. Ukimpaka Siti binti Saad spiriti, utabaki na sahani inayong'aa isiyoimba. Maji kidogo, sabuni kidogo, brashi laini, na lebo usiiloweshe. Jirani akaniangalia kwa huruma. Kwake yeye, kitu kinachosafishwa kwa maji na sabuni hakijatengenezwa, kimefuliwa.

Wale Wajapani nao wana kesi yao. Redio kaseti zilizojaa nchi hii miaka ya 1970 na 1980 nyingi zilitoka kwao, na skrubu zake ukizitazama utaapa kwamba ni nyota ya kawaida. Si ya kawaida. Zilifuata vipimo vyao wenyewe vinavyoitwa JIS, na bisibisi nyota ya dukani haifiki chini ya mfereji. Inakaa juujuu, ukizungusha inaruka na kunyoa kichwa cha skrubu. Baadhi zina kidoti kidogo kichwani cha kukutahadharisha, lakini nani anasoma kidoti? Kila redio inayoletwa kwangu imeshapita kwa fundi mwenye nguvu za mkono. Skrubu zimegeuka vikombe. Mimi nimechukua bisibisi nyota, nikaikata ncha kidogo kwa tupa mpaka ikazama vizuri, nikaifunga utepe mwekundu. Mtoto wa pili akaiona, akaniambia baba, bisibisi yako imeharibika ncha, nikakutupia.

Nikamwambia asante.

Tuje kwenye kaseti, ambako lawama zinanifikia moja kwa moja. Philips waliitoa kaseti mwaka 1963, na kitundu chake kina meno sita ambayo kalamu yenye pembe sita inayakamata barabara. Kizazi kizima cha nchi hii kiliokoa mawe ya redio kwa kurudisha nyimbo kwa kalamu. Hilo hakuna anayebisha. Lakini mpaka utepe ukatike ndipo watu wanajua hasa wanashughulika na nini: upana haufiki milimita 4, unene wake unashindwa na unywele. Hapo nahitaji kibano. Kibano kilichopo nyumbani ni kimoja, cha nyusi, na mwenyewe anajulikana.

Kibano hicho ni cha chuma, kwa hiyo kwanza nilikivisha ngozi ya waya kwenye ncha zote mbili, kisiukune utepe. Kazi ikaenda vizuri sana. Nilikata ncha za utepe mshazari kwa wembe, nikazikutanisha, nikazifunga kwa nyuma, upande usiogusa hedi inayousoma, kwa kipande chembamba cha selotepu, nikahamishia nyimbo mahali pengine haraka, maana gundi ya selotepu ya kawaida hutambaa na kunatisha mzunguko mmoja na mwingine. Jioni mama watoto akachukua kibano chake ajitayarishe kwa harusi. Kilikuwa kinateleza juu ya nyusi bila kukamata hata unywele mmoja.

"Umekifanya nini?"

"Nimekifanya kiwe mpole."

Tangu siku hiyo rangi yake ya kucha inafungiwa kabatini. Nayo naihitaji. Ukishapanga koili au skrubu ya hedi mahali pake, unadondoshea tone dogo ili mtikisiko usiisogeze. Viwanda vilifanya hivyohivyo kwa rangi au nta. Sasa natumia nta ya mshumaa, na umeme ukikatika mshumaa ukakutwa mfupi, anayeulizwa ni mimi.

Mipira ya kuzungushia ndiyo mateso makubwa. Kwenye hewa ya pwani, yenye unyevu wa kutosha kuotesha ukungu kwenye mkanda wa suruali, baadhi ya mipira hiyo ya zamani inageuka lami. Haikatiki, hailegei, inayeyuka hukohuko ndani na kushika kila gurudumu. Ukiigusa kwa kidole, kidole kitagusa shati, shati litagusa kochi, na kochi ni la mama watoto. Chelewa ndiyo dawa: unaikunjia kitambaa chembamba chenye spiriti, unaingia nayo pembeni mwa magurudumu bila kukwaruza kitu. Baada ya hapo unatafuta mpira mpya, na mpira mpya haupo, basi unajaribu wa kufungia noti, unajaribu ukingo wa glavu ya daktari, unajaribu mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kwa uangalifu. Ukiwa mnene unayumba, ukikaza unachosha mota, ukilegea Mbaraka Mwinshehe anaimba kama mtu aliyeamshwa usingizini kuulizwa deni. Utepe unatakiwa upite sentimita 4.76 kwa sekunde. Kasi ikipungua karibu asilimia 6 tu, wimbo wote umeshuka nusu toni, na hakuna mpenzi wa Mbaraka na Morogoro Jazz atakayekaa kimya.

Kwa mashine ya santuri, angalau kasi naweza kuiona kwa macho. Unachukua karatasi ya duara, unaichora mistari 180 inayotoka katikati, unaiweka juu ya sahani inayozunguka, unawasha taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo balbu ya zamani ya waya inapepesa mara 100 kwa sekunde. Kasi ikiwa sawasawa mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, mistari inaonekana imesimama tuli wakati sahani inazunguka. Ikitambaa mbele, mashine ina haraka. Ikirudi nyuma, inasinzia. Kijana wa steshenari alinichapishia ndogo kuliko nilivyotaka akaomba radhi, nikamwambia usijali mwanangu, hapa hesabu ni ya mistari, ukubwa hauna neno. Mpaka hapo kila kitu ni shwari. Tatizo ni taa. Mama watoto, kwa ajili ya kubana LUKU, amebadilisha balbu zote za nyumba kuwa za LED, na hizi zetu hazipepesi. Mistari yangu haisimami wala haitembei, inakuwa ukungu. Balbu ya waya iliyobaki nimeificha ndani ya soksi, na kila ninapoiwasha anatoka chumbani kwenda kusoma mita.

Na uzito wa sindano je? Kichwa cha mashine hizi za santuri laini kinatakiwa kikandamize kwa gramu kama 2 hivi. Kikizidi kinachimba, kikipungua kinarukaruka na kuchimba vilevile. Kipimo chake kinauzwa ng'ambo. Mimi nina rula iliyolazwa juu ya penseli, vizibo viwili vya soda, kimoja kila upande kwa umbali sawa, na bomba la sindano la duka la dawa. Mililita 2 za maji ni gramu 2, hilo hata shemeji alifundishwa. Maji kizibo hiki, sindano ya santuri kizibo kile, rula ikilala sawa nimemaliza. Kilichonigharimu ni heshima. Mzee wa makamo akiingia duka la dawa jioni na kuomba bomba la sindano peke yake, bila dawa, muuzaji anamtazama mikono. Nikimwambia "ni la santuri," ndiyo kwanza anaita mwenzake aje asikie.

Sasa, ili msidhani nasifu kila ubunifu, niseme juu ya fyuzi. Fyuzi ndiyo mtoto halali wa kanuni yangu: kipande cha waya dhaifu kilichowekwa pale kwa kazi moja tu, kufa kabla ya wengine. Kikiungua, maana yake kuna jambo ndani, tafuta. Lakini kuna mafundi wanaoichukua fyuzi iliyoungua, wakaifunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, wakairudisha, redio ikalia, wakalipwa. Nimefungua redio ya mzee mmoja nikaikuta karatasi hiyo imekaa salama kabisa, inang'aa, na transfoma imeungua kwa niaba yake. Fundi yule naye alibuni kifaa. Alibuni kifaa kisichokubali kufa, basi ikabidi kife kile cha bei.

Mama watoto aliposikia hadithi hiyo aliuliza swali la haki: "Kwa hiyo ya kwako ni ufundi, ya mwenzako ni uchafu?" Nikamjibu kwamba hata wenye maabara wanaazima jikoni. Zipo tepu za studio za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake imekunywa unyevu mpaka zinanata na kupiga kelele kwenye mashine. Wataalamu wa hifadhi za sauti hutumia hata mashine za kukaushia matunda kuzipasha nyuzijoto 50 hadi 55 kwa saa nyingi, zikauke, ziweze kuchezwa na kunakiliwa. Akanyamaza akifikiri. Kisha akasema jiko lake la kuokea nisilitazame hata kwa bahati mbaya.

Basi watu wa nyumba hii wakafanya mpango nyuma yangu. Ndugu yake mama watoto, anayeishi Maskati, aliombwa anitafutie vifaa halali, na wiki hii vimefika: kisanduku kizuri chenye bisibisi za plastiki za koili, za kila upana, kila moja imelala kwenye kitanda chake. Familia nzima ilisimama kushuhudia. Mtoto wa pili alipiga picha. Mama watoto alirudisha kopo la biskuti jikoni siku hiyohiyo, akaweka biskuti.

Nimevitumia? Sijavitumia. Vitatumikaje? Bisibisi iliyosafiri kutoka Maskati huwezi kuiingiza kwenye koili iliyogandia. Utaogopa itavunjika, utaanza kuihurumia, utaibana pembeni, utaizungusha kwa hila, na katika kuilinda hiyo bisibisi utaipasua feraiti. Kifaa ukishakipenda kimeacha kuwa dhaifu. Nikakiweka kisanduku kabatini, penye vikombe vya wageni, nikaenda zangu kwa muuza mishkaki.

Juzi nikaingia jikoni kutafuta kitu kingine, nikamkuta mama watoto ameinama kwenye ile sufuria yake mpya isiyoshika chakula, anabandua ukoko wa wali pembeni kwa bisibisi pana kuliko zote, ya Maskati. Nikasimama mlangoni. Nikamuuliza kwa sauti niliyoona inafaa: "Hivi unajua hicho ni nini?"

"Najua," akasema bila kugeuka. "Ni laini kuliko sufuria. Kijiko cha chuma kitaikwaruza."

Nimetafuta jibu tangu juzi, na kila ninalolipata limo humu humu kwenye safu yangu, upande wake.